Amplifaya na Spika kwenye Street Glide: Vifaa Vile Vile, Mafundi Wawili

Pikipiki yangu ni Harley-Davidson Street Glide ya mwaka 2014, niliyoinunua mkononi mwa mtu hapa Maskati ikiwa imeshatembea kilomita 31,000, na kwa mwaka mzima wa mwanzo sikuwa na lalamiko nayo isipokuwa moja, nalo ni redio. Ukiwa umesimama kwenye taa za Ruwi redio ile inaimba vizuri tu, na msomaji wa habari unamsikia herufi kwa herufi. Lakini ukishaishika barabara ya Quriyat na kufikisha kilomita 100 kwa saa, kinachobaki ni mchakacho, kama mtu anayekwangua sufuria chumba cha pili. Hapo ndipo nilipoamua kutia amplifaya na spika mpya. Tathmini hii inahusu mambo mawili nisiyoweza kuyatenganisha, yaani vifaa vyenyewe na kazi ya kuvifunga, kwa kuwa vifaa hivi vimefungwa mara mbili kwenye pikipiki moja, mara ya kwanza vibaya na mara ya pili vizuri, bila ya kubadilishwa kitu kikubwa isipokuwa waya na mkono wa fundi.

Jina la kampuni iliyovitengeneza silitaji, na si kwa woga. Seti za pikipiki za safari zilizomo madukani zinakaribiana mno kwa umbo na kwa uwezo, na nikitaja jina, wengi watalikimbilia jina na kuyaacha maneno yaliyobaki, hali ya kuwa maneno yaliyobaki ndiyo yaliyonigharimu. Nilichonunua ni amplifaya ndogo ya daraja D, aina isiyopoteza umeme mwingi, yenye mikondo miwili, yaani njia mbili za sauti, ya kulia na ya kushoto, iliyokusudiwa kukaa juu ya redio ndani ya kinga ya upepo ya mbele, ile ambayo wenye Harley huifananisha na mbawa za popo. Spika mbili za inchi 6.5, omu 4 (kipimo cha ukinzani wa umeme), zenye twita, yaani kispika kidogo cha sauti nyembamba, katikati. Pete za plastiki za kuzikalisha mahali pa spika za kiwandani. Na waya zake. Kisanduku kimepigwa chapa ya wati 600 kwa herufi kubwa kuliko jina la bidhaa. Ndani yake, kwenye karatasi ya maelezo, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani, imeandikwa kwamba kwa kipimo cha CTA-2006, kanuni ya Kimarekani ya kupimia nguvu za amplifaya, amplifaya hiyo inatoa wati 75 kwa kila mkondo. Namba hiyo ya pili ndiyo ya kuaminiwa, kwa sababu kipimo hicho kinamlazimisha mtengenezaji apime kwa umeme wa volti 14.4, kwenye mzigo wa omu 4, na kwa mvurugiko wa sauti usiozidi asilimia 1. Ukikuta kisanduku kisichotaja kipimo chochote, gawanya namba yake kwa nne, kisha ulitilie shaka hata hilo jibu.

Harley-Davidson walipozifanyia marekebisho makubwa pikipiki zao za safari za mwaka 2014, katika mpango walioupa jina la Project Rushmore, waliitia Street Glide redio mpya yenye skrini pamoja na spika za mbele za inchi 5.25 zinazopewa wati 25 kila moja. Mtu akisikia kwamba anatoka wati 25 kwenda 75 hudhani sauti itakuwa kubwa mara tatu. Sikio halihesabu hivyo. Kuzidisha nguvu mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, na ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa maradufu panahitajika nyongeza ya desibeli 10 hivi, yaani nguvu mara kumi. Kwa hesabu hiyo, wati zangu 50 za ziada zilininunulia desibeli zisizofika 5. Kilichobaki ilibidi kitoke kwenye spika zenyewe, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopitwa: nyuma ya kisanduku cha spika huandikwa inatoa desibeli ngapi kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja. Nilizochukua zimeandikwa 92. Nyingine, ambazo moyo ulizipenda kwa wavu wake wa rangi ya shaba, ziliandikwa 88. Tofauti hiyo ya 4 ni sawa na kuzidisha nguvu ya amplifaya mara mbili na nusu, na haiiombi betri hata ampea moja.

Jambo la pili la kulijua kabla ya kufungua mkoba ni besi. Ndani ya gari milango na vioo vinaishika sauti nzito na kuikuza. Kwenye pikipiki hakuna kinachoishika, na sauti ikishatoka mbele ya spika inakwenda zake jangwani. Kuilazimisha spika ya inchi 6.5 itoe mngurumo wa ngoma kwa mwendo wa kilomita 100 ni kuichosha bure, kwani koni yake itatikisika hadi mwisho na sikio halitapata kitu. Ndiyo maana amplifaya yoyote ya maana huwa na kichujio cha kuzuia sauti nzito zisifike kwenye spika. Changu nimekiweka kwenye hezi 100, na tangu siku hiyo sauti za watu zimetoka wazi zaidi, ingawa nimekata kitu badala ya kuongeza.

Sasa nije kwenye ufungaji wa kwanza, ambao nitausema bila ya kulitaja duka. Nilikwenda asubuhi, nikaambiwa nirudi baada ya saa mbili, na kweli baada ya saa mbili pikipiki ilikuwa imesimama nje, imefutwa vumbi, redio inapiga kwa kishindo kilichowatoa watu wa duka la jirani. Nililipa riali 25 nikashukuru. Muda huo wa saa mbili ulitakiwa unishtue. Betri ya Street Glide iko chini ya kiti na amplifaya iko mbele kabisa, kwa hiyo waya wa umeme lazima upite chini ya tangi la mafuta kwa urefu wote wa pikipiki, na kulifungua tangi, kuifungua kinga ya mbele, kupitisha waya na kurudisha kila kitu mahali pake ni kazi ya nusu siku kwa mtu anayejua anachokifanya.

Dalili ya kwanza ilikuja jioni ile ile: mluzi mwembamba ndani ya spika, uliopanda na kushuka kila nilipopandisha na kushusha mzunguko wa injini. Nikajiambia ni kawaida. Wiki mbili baadaye tulikwenda Sur, safari ya kilomita 200 hivi kwa barabara ya pwani, tukapumzika penye shimo la Bimmah, na tulipokuwa tunaelekea Tiwi nikasikia spika ya kushoto imekuwa nzito ghafla, kana kwamba imefunikwa blanketi. Nilipoegesha na kuinamia wavu wake nilikutana na harufu ya vanishi iliyoungua. Twita ilikuwa imekufa. Sauti kwa wakati ule haikuwa hata ya mwisho. Ilikuwa kwenye robo tatu.

Hapo nikaelekezwa kwa fundi wa Wadi Kabir, mzee wa Unguja aliyekaa Omani zaidi ya miaka thelathini, ambaye hana bango wala hapokei pikipiki zaidi ya moja kwa siku. Alinipa kigoda, akafungua kiti, akaufuata kwa kidole waya mweusi kutoka kwenye amplifaya hadi kwenye fremu, akatabasamu kama mtu aliyekutana na jamaa yake wa zamani.

"Sheikh wangu, njoo uone. Huyu kaukaza kwenye rangi, hakuukaza kwenye chuma."

"Kwa hiyo ndio ule mluzi, ami?"

"Ndio huo. Umeme unatafuta njia ya kurudi, haukuipata, umepita kwenye waya za redio. Na fyuzi yako iko wapi?"

Fyuzi ilikuwa mbele, karibu na amplifaya, mahali ambapo haikumlinda mtu yeyote. Fyuzi ya waya mkuu inalinda waya, si kifaa, na kwa hiyo inatakiwa iwe karibu na betri, isizidi sentimita 45. Ikikaa mwisho wa waya, ule urefu wote unaopita chini ya tangi la petroli unabaki na umeme wa betri bila ya mlinzi. Penye shingo ya usukani waya ulikuwa umebanwa kati ya fremu na kituo cha kugeukia, na ganda lake limeshaanza kuchubuka. Street Glide inabeba kinga yake ya upepo kwenye uma wa mbele, si kwenye fremu kama Road Glide, maana yake kila unapopinda usukani kinga na kila kilichomo ndani yake vinageuka pamoja nao, na waya usioachiwa mkunjo wa kutosha hapo utakatika. Ni suala la siku tu. Halafu akaukata ule waya wenyewe kwa koleo akanionyesha ncha yake: nyeupe ndani, nyekundu juu. Ulikuwa wa alumini iliyopakwa shaba, unaouzwa kwa bei ya chini na kupitisha umeme kwa shida zaidi kuliko shaba tupu ya unene ule ule.

Alichokifanya kilichukua siku nzima, na naamini kila riali ya zile 40 alizonitoza aliitolea jasho. Alilishusha tangi, akapitisha waya wa shaba tupu ndani ya ala ya nailoni mbali na vichwa vya silinda, akarudisha waya hasi moja kwa moja hadi kwenye betri badala ya fremu, akaweka fyuzi ya ampea 30 umbali wa shibiri moja kutoka kwenye betri, na maungio yote akayavisha mpira wa kunywea kwa joto. Alipomaliza penye shingo aliwasha redio, akaupinda usukani kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho mara kumi na tano hivi, akisikiliza. Mluzi ulikuwa umekwisha.

Lakini lililonifungua macho ni mita ya kupimia volti. Mafundi wengi huirekebisha geni ya amplifaya, yaani kiwango cha kuikuzia sauti, kwa sikio: wanapandisha mpaka sauti ianze kukwaruza, wanarudisha kidogo, wanamkabidhi mwenyewe. Ami alizitoa waya za spika, akacheza sauti moja ya hezi 1,000 kutoka kwenye simu yangu, akaiweka redio robo tatu, kisha akachukua kipande cha boksi na kalamu. Wati 75 mara omu 4 ni 300. Mzizi wa pili wa 300 ni 17.3. Kwa hiyo mita ikisoma volti 17.3 kwenye mdomo wa amplifaya, hapo ndipo wati 75 zinapoishia, na kuvuka hapo ni kuikamua amplifaya kitu isichonacho. Kwa mpangilio wa duka la kwanza mita ilisoma zaidi ya 25. Amplifaya ikikamuliwa hivyo, wimbi la sauti hukatwa kichwa na miguu likawa bapa, na wimbi bapa huzalisha sauti nyembamba nyingi ambazo hazikuwemo kwenye muziki, zote zikaelekea kwenye twita, yenye waya mwembamba kama unywele. Hivyo ndivyo yangu ilivyoungua njiani, na si kwa ubovu wa spika. Nilinunua nyingine ya aina ile ile kwa riali 38.

Iko hatua moja ambayo haimo mikononi mwa fundi wa mtaani. Redio ya kiwandani ya pikipiki hizi imepangiwa spika zake ndogo, na hupunguza besi kwa makusudi kadiri unavyoongeza sauti ili kuzilinda. Ukiifungia amplifaya bila ya kuuondoa mpangilio huo, unaikuza sauti iliyokwishapunguzwa. Kuuondoa hufanywa kwa kompyuta ya wakala. Mimi nilipeleka pikipiki, nikasubiri kwa kahawa moja, nikarudi nayo. Tofauti niliisikia kabla sijatoka getini, na ningemshauri mtu aifanye siku ile ile ya ufungaji, kwa sababu baada yake geni inabidi ipimwe upya.

Kuhusu betri, hofu ni kubwa kuliko hatari. Amplifaya ya daraja D hupoteza umeme kidogo kwa joto, labda moja ya tano, kwa hiyo wati 150 za mikondo yote miwili zinadai ampea 13 au 14 hivi, na hilo ni kwa sauti ya kipimo isiyopumua. Muziki wa kawaida hupanda na kushuka, na wastani wake haufiki hata nusu ya hapo. Nimefunga kipimo kidogo cha volti kando ya usukani. Njiani kinasoma 14.2, na kwenye foleni ya Ruwi saa moja usiku, taa zikiwaka na redio ikipiga, hushuka hadi 13.6. Injini ikiwa imezimwa ni habari nyingine: betri ni ya ampea-saa 28, na injini ya sentimita za ujazo 1,690 inahitaji nguvu nyingi kuianzisha, basi kwenye kambi ya ufukweni sipigi muziki zaidi ya nusu saa bila ya kuiwasha.

Kinachostahili hofu hapa kwetu ni joto. Amplifaya iko ndani ya kinga nyeusi, imelalia redio ambayo nayo ina joto lake, na pikipiki ikishinda juani mwezi wa Juni huwezi kuugusa mgongo wa ile kinga kwa kiganja. Mara mbili amplifaya ilijizima yenyewe nilipokuwa nimesimama kwenye taa, ikarudi baada ya dakika chache za mwendo. Huko ni kujilinda, si kuharibika, na yoyote isiyojilinda hivyo singeipendekeza kwa mtu wa Ghuba. Ami aliinyanyua kwa vijiti vinne vya alumini ili hewa ipite chini yake, na tangu hapo imejizima mara moja tu, nami nikajifunza kuifunika pikipiki kwa shuka nyeupe ninapoiacha nje.

Matokeo, basi. Kwa kilomita 80 kwa saa nasikia kila kitu: taarifa ya habari, mawaidha, na katika taarabu natofautisha udi na ganuni, jambo ambalo kwa redio ya awali halikuwezekana hata kwa mwendo wa baiskeli. Kwa 100 maneno bado yanasikika yote, fidla zinasikika, ila dumbaki na besi zinabaki kama fununu. Kwa 120, ambacho ndicho kiwango cha juu cha barabara kuu, nasikia sauti ya mwimbaji na kiini cha wimbo, basi. Helmeti niliyoijaribia ni ya uso wazi. Kwa helmeti iliyofunika uso wote punguza matarajio yako kwa daraja moja. Siku nilipovaa vizibo vya masikio vya sponji nilidhani nitapoteza muziki, kumbe vinazuia zaidi muungurumo wa upepo, na maneno yakatoka safi zaidi. Sasa sivivui, na sababu si muziki peke yake. Kiwango kinachokubalika na wataalamu wa usalama kazini wa Marekani ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila ukiongeza desibeli 3 muda unakatika nusu, hata ukifika 100 unabakiwa na dakika 15. Upepo wa mwendo wa barabara kuu unakaribia kiwango hicho peke yake, kabla hujaigusa redio.

Mtu ataniuliza kwa nini sikununua vispika vya kubandika ndani ya helmeti, ambavyo ni nafuu mno na havihitaji tangi kushushwa. Kwa anayekwenda Salala, kilomita elfu moja za jangwa ambazo baada ya mji wa Adam ni mstari mnyoofu, nadhani vinamfaa zaidi, na sioni haya kusema hivyo baada ya gharama yangu. Spika za mbele zina faida ya mwenzako aliyekaa nyuma kusikia pamoja nawe. Zina aibu yake pia: ukisimama kwenye taa, wimbo wako ni wa mtaa mzima. Kidole changu cha gumba kimeshazoea kukata sauti kila ninapouona mnara wa msikiti au ninapoingia mitaa ya nyumba usiku.

Jumla nimetumia riali 185 kwa seti, 25 zilizopotea, 40 zilizofanya kazi na 38 za spika ya badala. Spika za kwenye vifuniko vya masanduku ya nyuma, ambazo muuzaji alizisisitiza sana, nilizikataa, kwa sababu dereva anazisikia kwa mgongo tu. Vifaa navipa alama nane kwa kumi. Moja nimeikata kwa ile namba ya kisandukuni, na nyingine kwa pete za plastiki, kwani ya kulia haikukaa sawasawa na kinga na inapiga filimbi upepo ukitoka baharini. Nimeiwekea ukanda mwembamba wa sponji, na mpaka kilomita 110 imenyamaza.